Viazi vya oveni vya saumu na chizi vinatoka vimelegea: shida ni mpangilio, sio oveni

Msomaji mmoja wa Iringa ameniandikia hivi: "Shikamoo mama. Nina oveni ya umeme, ile ndogo ya kuweka mezani. Viazi huku kwetu havina shida, basi kila Jumapili nawaokea watoto viazi vya kitunguu saumu na chizi. Nakata viazi, nachanganya na mafuta, saumu ya kutwanga, chumvi na chizi ya kukwaruza, naweka kwenye trei nyuzi 180 dakika 40. Vinatoka vimelegea, saumu imeungua chungu, chizi imeganda chini ya trei kama plastiki. Watoto wanasema bora chipsi za stendi. Nakosea wapi, au ni oveni?"

Marahaba mwanangu. Oveni yako ina mchango wake na nitaisema huko chini, lakini hata ukipewa ile kubwa ya hotelini ukafanya hivyo hivyo utapata viazi vile vile. Umeingiza vitu vitatu kwa wakati mmoja na kila kimoja kina muda wake. Kiazi kinataka moto mkali na kikae, saumu iliyotwangwa inataka dakika chache tu za moto mdogo, chizi nayo inataka zile dakika tatu nne za mwisho basi. Ukivitia pamoja ndo hivyo, saumu inafika mapema mno, kiazi hakijafika, na chizi inayeyuka inateleza inashuka kwenye trei inaungulia huko chini ambako hakuna anayeihitaji.

Tuanze na kiazi manake hapo ndo penye kazi.

Kiazi kibichi karibu asilimia 80 yake ni maji. Sasa sehemu yoyote ya kiazi ambayo bado ina maji haiwezi kupita nyuzi 100 hivi, hata oveni yako iwe nyuzi ngapi, maji yanazuia, na ile rangi ya dhahabu pamoja na harufu ya kitu kilichookwa vinaanza kuja vizuri kwenye nyuzi 140 kwenda juu. Alafu kuyageuza maji kuwa mvuke kunakula moto mwingi sana, zaidi ya mara 5 ya moto unaotumika kuyatoa kwenye ubaridi wa barafu mpaka yachemke. Kwa hiyo oveni ndogo iliyojazwa viazi vibichi vyenye majimaji inatumia sehemu kubwa ya nguvu yake kukausha tu, dakika 40 zinaisha ndo kwanza ngozi inaanza kukauka. Hao wauza chipsi wa stendi wanaokushinda wanalijua hili kwa mikono yao. Angalia wanavyofanya, wanakaanga nusu wanatoa wanaacha zikae, mteja akija ndo wanazirudisha kwenye mafuta yenye moto mkali. Mara ya kwanza ni kuivisha ndani na kupunguza maji, ya pili ndo ya kukausha juu. Na sisi wa oveni tunafanya vile vile, ila ile mara ya kwanza tunatumia sufuria la maji.

Ndiyo, uvichemshe kwanza, na usione kama ni kuzunguka. Kilo 1 ya viazi umenye, ukate vipande vikubwa, sentimita 4 hivi, kiazi cha wastani kinatoa vipande vinne. Vipande vidogo vinakauka mpaka ndani na sisi tunataka nje kukauke na ndani kuwe laini. Maji lita 2 kwenye sufuria yachemke kabisa, tia chumvi kijiko kimoja cha chakula na soda ya kuokea nusu kijiko cha chai, ndo uvitumbukize viazi. Nasema vitumbukizwe kwenye maji yanayochemka na sio kuanza na maji ya baridi kwa sababu kiazi kikipanda joto polepole, kikikaa kwenye nyuzi kama 55 mpaka 65, kuna kimeng'enya ndani yake kinachokaza ngozi za nje, inakuwa ngumu kuchanika, na sisi tunataka ichanike.

Hiyo soda kazi yake ni hii. Kuta za kiazi zimeshikana kwa kitu kinaitwa pektini, na pektini inaachia haraka kwenye maji yenye alkali. Nje ya kiazi panalainika panatoka ujiuji wa wanga wakati katikati bado pamesimama. Ule ujiuji ndo utakuja kuwa ganda. Ndimu na siki zinafanya kinyume, zinakaza, kwa hiyo kama una mazoea ya kuloweka viazi kwenye maji ya ndimu visiwe vyeusi, kwa pishi hili acha, maji matupu yanatosha. Na tafadhali sana, soda ninayosema ni bikabonati ya chakula, ile ya pakiti ndogo kwenye rafu ya vitu vya keki. Sio baking powder, na kabisa kabisa sio ile magadi soda ya madukani wanayotengenezea sabuni. Kama huna uhakika na ulichonacho nyumbani usiweke kitu, chumvi peke yake inatosha, utachemsha dakika mbili tatu zaidi.

Muda wa kuchemsha nao wewe wa Iringa usinakili wa mtu wa Dar. Huku pwani maji yanachemka kwa nyuzi 100, huko kwenu juu zaidi ya mita 1,500 yanachemka kama 95, Njombe ni chini ya hapo. Yanatoa mapovu yale yale lakini joto halilingani. Pishi linalosema dakika 10 wewe hesabu 13 mpaka 15, na usitegemee saa, chomeka kisu: kiingie bila kubishana lakini kipande kisipasuke. Mimi ukiniuliza bora kizidi kidogo kuliko kipungue, kwa sababu kiazi kilichochemshwa nusunusu hakitoi ujiuji, na bila ujiuji hakuna ganda, utakuwa umechafua sufuria bure.

Sasa hatua ambayo watu wengi wanairuka na ndo iliyobeba pishi zima. Mwaga maji yote, chuja, rudisha viazi kwenye lile lile sufuria la moto, rudisha jikoni moto mdogo kabisa dakika moja huku unatikisa. Utaona mvuke mwingi unapanda. Zima, acha wazi, usifunike, subiri mpaka mvuke uishe na viazi vionekane vyeupe vyeupe vimekauka juu, dakika tano au zaidi. Kila mvuke unaouona hapo ni maji ambayo oveni yako haitahangaika nayo tena. Ukiwa na haraka tandaza kwenye sinia karibu na dirisha. Vikishakauka mimina mafuta, funika, shika mfuniko na sufuria kwa pamoja utikise kwa nguvu, juu chini, mpaka kona zote zimechubuka na kila kipande kimevaa kitu kama uji mzito wa viazi na mafuta. Usiogope vikionekana vimeharibika, hapo ndo vizuri, manake uso uliochubuka ni mpana kuliko uso laini uliokatwa na kisu, na mafuta yana pa kuingia.

Mafuta vijiko 5 vya chakula kwa kilo, usibane. Alizeti nzuri. Samli ni nzuri kuliko zote kwa maoni yangu, inavumilia moto mkali na ladha yake na saumu vinapatana sana. Siagi ya kawaida hapana, ina maji ndani yake kama asilimia 16 na mabaki ya maziwa yanayoungua, ndo maana samli inashinda, yenyewe ni siagi iliyokwishaondolewa vyote hivyo.

Na hapa ndo saumu inapoingia, kabla ya viazi kuingia oveni lakini yenyewe bila kuingia. Chukua punje 6 za saumu, katakata ndogo ndogo kwa kisu, usitwange. Ukitwanga inatoa majimaji yake yote, inanata, na vile vijipande laini ndo vinaungua kwanza. Weka kwenye kikaango na hayo mafuta au samli ikiwa bado ya baridi, washa moto mdogo, acha ipande taratibu huku unakoroga, pilipili manga na kijiti cha rozimari kama kipo. Itaanza kunukia, itaanza kubadilika rangi pembeni, ikiwa ya manjano hafifu tu toa haraka uchuje kwa kichujio cha chai. Usisubiri iwe kahawia, ikishatoka jikoni inaendelea kuiva yenyewe. Sasa una vitu viwili. Mafuta yenye ladha ya saumu, hayo ndo unamwagia viazi kwenye sufuria unatikisa. Na vijipande vya saumu kwenye kisahani, hivyo vinakaa pembeni vinasubiri mpaka viazi vitoke. Uchungu uliokuwa unaupata ulitokana na saumu mbichi kukaa dakika 40 kwenye joto, ina sukari yake na maji kidogo, kipande kidogo kama kile kinaungua mapema mno. Saumu ya unga ya kwenye kopo nayo ina tabia hiyo hiyo, kama unaitumia nyunyiza mwishoni.

Ukitengeneza mafuta ya saumu mengi ya kuweka akiba, naomba unisikilize hapa. Usiyaache kabatini. Saumu ndani ya mafuta iko mahali pasipo hewa, na kuna bakteria wa udongoni anayependa mazingira hayo, anatoa sumu ya botulizimu ambayo haina harufu wala rangi ya kukushtua. Weka friji, maliza ndani ya siku 4, kilichobaki mwaga. Mimi natengeneza ya siku hiyo tu.

Oveni. Hizi ndogo za mezani kitufe cha joto kinaweza kusema 220 kumbe ndani iko chini ya hapo, na ukifungua mlango inashuka upesi kwa sababu kuta zake nyembamba hazihifadhi joto. Washa nyaya zote mbili, za juu na za chini, weka 220, ipashe dakika 20 kamili na trei ikiwa ndani. Trei iwe ya chuma na iwe imepata moto, ukimwaga viazi usikie chaa! Usiposikia rudisha trei. Chombo cha kioo hapana, foili mimi siipendi kwa viazi hivi inachanika vikigandia, karatasi ya kuokea inakubali lakini chuma kitupu chenye mafuta ndo kinatoa ganda zuri kuliko vyote. Kipimajoto cha oveni kinauzwa, sio ghali sana, kama unaoka mara kwa mara kinunue tu.

Nafasi, nafasi, nafasi. Vipande visigusane. Najua trei ya oveni hizi ni ndogo na familia ni kubwa, lakini ukipanga vikabanana vitapikana kwa mvuke wao wenyewe na kazi yote ya mwanzo imekwenda. Kilo nzima kwenye oveni yako naamini haitatosha, fanya awamu mbili, awamu ya kwanza ikishakauka vizuri itoe, ingiza ya pili, alafu mwishoni rudisha zote dakika chache kabla ya chizi.

Dakika 20 za kwanza usiviguse. Kabisa. Kiazi kinachong'ang'ania trei kinakwambia ganda halijakamilika, ukikivuta unaliacha ganda chini. Kikiwa tayari kinaachia chenyewe. Geuza kwa kijiko bapa cha chuma, rudisha dakika 15 mpaka 25 nyingine ukigeuza mara moja katikati. Unatafuta dhahabu iliyokolea, kona zake kahawia hafifu, na ukigonga na kijiko ilie kavu. Usifike kahawia nyeusi, mbali na uchungu, vyakula vya wanga vikiunguzwa vinatengeneza akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani, na ushauri wa wataalamu wa lishe ni kuishia kwenye rangi ya dhahabu.

Sasa chizi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu swali lako lilikuwa na majonzi hapa.

Chizi sio kitu kimoja. Inayotakiwa kwenye viazi vikavu ni ngumu, kavu, iliyokaa muda mrefu. Mfano wake mkubwa ni Parmigiano Reggiano ya Italia, ile ya maeneo ya Parma na Reggio Emilia, haiuzwi kwa jina hilo mpaka ikae angalau miezi 12, na ikifika hapo maji yake yamebaki kama asilimia 30 tu. Ikipata moto inayeyuka kidogo, inatoa mafuta, inakauka inakuwa ganda. Mozzarella nusu yake karibu ni maji, inavutika inapendeza kwenye piza lakini ukiiweka juu ya kiazi ulichokihangaikia kukauka unakimwagia maji upya. Cheddar iko katikati, ina mafuta mengi, inafaa ukiiweka kidogo. Zile za vipande vya kufunga na nailoni moja moja, za baga, acha, zimetiwa chumvi maalumu ili ziyeyuke ziwe laini tu na zibaki hivyo, hazikauki.

Parmesan ya kutoka nje bei yake najua. Huna haja nayo. Wewe uko Iringa, Njombe ni jirani, na Njombe kuna kiwanda cha maziwa kinachotengeneza chizi za mtindo wa Kiitaliano, tafuta iliyokomaa, muulize muuzaji ipi ni ngumu kuliko zote. Ukikosa kabisa chukua gouda au cheddar ya kipande, ikwaruze kwa tundu ndogo, itandaze kwenye sahani, iache friji bila kufunika usiku mzima. Asubuhi itakuwa imekauka, inashikika punje punje. Hiyo inafanya kazi vizuri mno na ni ya hapa hapa. Gramu 70 hivi kwa kilo ya viazi, yaani konzi mbili, ukizidisha inakuwa nzito na chumvi inapanda, ndo maana mwanzo tuliweka chumvi kwenye maji tu hatukuongeza kwenye mafuta.

Viazi vikishakuwa kama unavyovitaka vya kula, nasema tayari kabisa, toa trei, weka kwenye bakuli kubwa la chuma, tia vile vijipande vya saumu, tia nusu ya chizi, rusha rusha, rudisha kwenye trei, nyunyiza nusu iliyobaki juu, oveni dakika 3 mpaka 5. Simama hapo hapo uangalie. Ikianza kutoa mapovu madogo na kubadilika rangi, toa. Giligilani iliyokatwa, ndimu kidogo, pilipili kwa wanaopenda, basi.

Kuna watu wanapenda chizi iwe chini, kiazi kinalala juu ya zulia la chizi na kutoka na ganda lake la kahawia. Naipenda hiyo na mi, ila ina masharti, na nadhani ndo ulichokuwa unakipata bila kukitaka. Chizi iwe ile kavu tu, trei iwe na mafuta na karatasi ya kuokea, viazi viwe vidogo vilivyokatwa nusu na kulazwa upande uliokatwa chini, na moto usizidi 200. Ikitoka usibandue mara moja, chizi ya moto ni laini inachanika, subiri dakika tano ipoe ishikane ndo unyanyue, inakuja yote. Ya kwako ilikuwa ya majimaji, juu ya trei tupu, ukabandua ikiwa bado ya moto, isingeweza kuja.

Kuhusu viazi vyenyewe, tafuta vya unga. Kama muuzaji hajui, jaribu nyumbani: kikombe 1 cha chumvi kwa vikombe 11 vya maji, koroga iyeyuke, tumbukiza kiazi. Cha unga kinazama, cha majimaji kinaelea. Wanaonisoma kutoka Kenya, Shangi yenu inafaa lakini inaiva haraka na kupasuka haraka, kaeni karibu na sufuria. Viazi visikae friji, ubaridi unageuza wanga kuwa sukari, vinakuwa kahawia nje kabla havijakauka. Na vyenye ukijani, kata sehemu yote ya kijani na macho yaliyochipua, vikiwa vimeenea tupa.

Umeme ukikatika katikati ya kazi usikate tamaa. Sufuria zito la bapa kwenye jiko la mkaa, panga viazi vilivyokwishatikiswa, mfuniko wa bati, palia makaa juu, mengi juu kuliko chini, kama wanavyofanya wapika mkate wa kumimina. Tofauti ni moja, mkate unataka kufunikwa na viazi vinataka kupumua, kwa hiyo kila dakika saba nane nyanyua mfuniko mvuke utoke, na mwishoni uweke upande upande. Kikaango cha chuma juu ya gesi nacho kinakubali, mafuta yale yale, ugeuze kila upande kwa utulivu. Mwenye eafraya, kile kikaangio cha hewa ya moto, hatua ni hizi hizi mpaka kutikisa, alafu nyuzi 200 dakika 20 hivi, chizi dakika mbili za mwisho, na iwe imerushwa na viazi kwenye bakuli, ukinyunyiza juu juu feni inaipeperusha.

La mwisho ni hotpoti. Tunazipenda na mimi ninazo nyingi, lakini ukitia viazi hivi kwenye hotpoti ukafunga, mvuke wao unarudi juu yao na ndani ya dakika kumi umerudi pale pale kwenye viazi vilivyolegea. Kama baba yao anachelewa, mwachie vyake kwenye trei bila chizi, akifika rudisha nyuzi 200 dakika kumi, weka chizi, mpe. Maikrowevu isiviguse. Na watoto waite mezani ukiwa unanyunyiza chizi, wanawe mikono wakati oveni inamalizia, kachumbari iwe imeshafika.